Jiwe Lililolazwa Uso Chini

…lakini mawe yanafanana, alijiambia Émilienne, mawe ni mawe tu, Mungu aliyamwaga Ubembe nzima bila kubania, kwa hiyo si lile, haliwezi kuwa lile, na maji yaliendelea kutoka kwenye birika polepole, yakianguka juu ya mikono ya Placide iliyopauka kwa simenti, naye Placide akaisugua kidole kwa kidole kama mtu asiye na haraka duniani, mgongo wake umekaribia kugusa ukuta wa maternité, nyumba ya uzazi ya misheni, alioumaliza asubuhi hii, ukuta mbichi bado, unanuka maji na chokaa, na Émilienne ameinama na tumbo lake la kukaribia kujifungua, macho yake hayako kwenye maji wala kwenye mikono, yako juu kidogo ya bega la mumewe, penye jiwe moja pana la kijivu lenye shimo katikati, shimo laini, shimo la kusagia, hakuna mvua inayochimba jiwe namna ile, ni mkono wa mwanamke mwaka hadi mwaka, na wanawake waliosaga ni wengi, sawa, lakini wangapi walisaga kwa mkono wa kushoto mpaka shimo la jiwe likalala upande, na wangapi walikuwa na huo mstari mwekundu unaokatiza ukingoni, mstari ambao yeye alipokuwa mdogo aliufuata kwa kidole akiuita mto, akimuuliza mama mto huu unakwenda wapi, na mama bila kuinua kichwa akamjibu unakwenda tumboni mwako, sogea nisage… “Mimina vizuri, Mama Georgette,” Placide alisema, “simenti ya leo iko kali, inakula vidole,” naye akamimina vizuri, maana mkono una akili yake, haungoji kichwa kimalize kufikiri, na kichwa chake kilikuwa kimekwenda juu kilimani, kwenye kijiji cha zamani, kabla serikali haijawateremsha wote kandokando ya barabara ya kwenda Fizi ili wailime pamba yake vizuri, kule ambako migomba sasa inajiotea yenyewe, na ndani ya migomba ile kuna kaburi la mama yake, na juu ya kaburi lilikuwa hilo jiwe, au lile, au hilo… kwa sababu kwao mwanamke akifa jiwe lake la kusagia humfuata, hulazwa juu yake uso chini, ili pasiwe na mtu wa kulisagia tena, kazi imekwisha, pumzika, na kile kijiwe cha juu, kile cha kushika mkononi, ambacho wao hukiita mtoto, hupewa binti, na mtoto huyo yuko nyumbani kwake saa hii chini ya mtungi wa maji, anaweza kwenda kumchukua, amweke shimoni, aone kama atalala, lakini kwenda kufanya nini, siri ya mtungi anaijua kata, na yeye alizijua zile alama za mkono tangu meno yake ya kwanza.

Uso chini, na sasa uso nje. Placide ameugeuza uso wa mama nje, kuelekea njia, na kikapu cha chakula kipo hapo miguuni pake, bugali imefungwa katika jani la mgomba, sombe ya majani ya muhogo, ndagala za jana zilizokaangwa na pilipili kama anavyopenda, na maji yakiisha atajifuta mikono kwenye kaptula yake, hajawahi kukumbuka kitambaa hata siku moja, atakaa chini, ataegemea ukuta, ataegemea lile jiwe, atakula… atakula mbele ya mama mkwe wake, yeye Placide, mtu ambaye hakuwahi hata kupishana uso kwa uso na mama yule njiani, maana kwao Émilienne na kwao Placide ni desturi moja, mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hashiki chombo alichokishika, haingii jikoni kwake, na kula mbele yake, hata kutafuna kipande cha muhogo akiwa anaonekana, hilo halijasikika, na wazee husema anayelifanya hatalipa yeye, tumbo la mke wake ndilo litakalolipa, na Émilienne ni Mkristo, amebatizwa, amefunga ndoa kanisani, anajua kwamba Padri akisikia maneno hayo atacheka au atakasirika kutegemea siku, lakini tumbo lenyewe hili hapa, linajinyoosha sasa hivi, teke la ubavuni, na katika mimba zake zote ni Georgette peke yake aliyebaki, kwa hiyo Ukristo wake kwa dakika hii ulikuwa umekaa pembeni kidogo, unangoja. “Atakuja Monsenyeri mwenyewe siku ya mungu,” Placide alikuwa akisema, na yeye alisikia nusu, “atabariki ukuta na maternité, kisha Padri alisema kule Fizi kanisa mupya… mi ndiye mukubwa wa bamaçons, bafundi bote…” ndiyo, kanisa la Fizi, alikwisha kuusikia wimbo huo wiki nzima, nyumba ya matofali, hewa baridi, mtoto atakua vizuri, na vyote hivyo vimesimama juu ya ukuta huu, jiwe likitolewa leo, mbichi hivi, upande mzima wa mlango utalegea, na Padri atauliza kwa nini, na mtu atamjibu nini, kwamba mama mkwe wangu yumo ndani?

Akimwambia, Placide atabomoa, hilo hana shaka nalo, hatauliza Padri wala Monsenyeri, atachukua nyundo. Asipomwambia, atakula. Kwa hiyo mimina, mimina polepole, uzi wa maji uwe mwembamba, maana maji haya yakiwa bado yanatoka hajala bado, na birika lilikuwa limejaa, si kujaa sana… Hakulijua jiwe, masikini, na angelijuaje, hapo ndipo alipotaka kumcheka na kumlilia kwa pamoja, angekuwa mkwe mwenye utovu wa adabu, wale wanaochungulia jikoni kwa mama mkwe kuuliza kumeiva nini, angeliona jiwe lile mara mia na jana angelitambua tu lilipoangushwa kutoka kwenye kamiyo, lori la misheni, angesema jamani hili la nani, lakini Placide, ambaye adabu yake ilimzidi mpaka watu wakamtania, alikuwa akileta samaki anasimama nyuma ya nyumba, anaweka kikapu kwenye kinu, anakohoa, kikohozi kimoja kikavu, kisha anaondoka kwa mbio bila kutazama nyuma, na siku moja mama alitokea upande usiotegemewa, kutoka mtoni, na huyu mkwe wa watu akajitupa kwenye mtaro pamoja na samaki wake, akalala humo mpaka mama apite, na mama akapita taratibu makusudi, akiimba, kisha jioni akacheka mpaka machozi, akasema, “Ule mukwe wangu sura yake siijui, lakini kikohozi chake hata nikufe nitaisikia.” Hata nikufe. Alisema hivyo hivyo. Na walikuwa wamepanga mbuzi, yule mbuzi wa kufunguana macho, ambaye mkwe akishamtoa wanaweza kutazamana na kusalimiana kama watu, mbuzi alikwisha kupatikana, alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba anakula majani ya viazi vya jirani, na mama akatangulia kufa na mtoto wake wa mwisho tumboni, kule juu, kwenye mvua, njia imeteleza, hakuna machela wala masista, akabatizwa jina la Anastasie kwenye mkeka na mkatekista Eugène kwa maji ya kikombe, na siku ya kuzika Placide alikaa nyuma ya nyumba amewapa mgongo waombolezaji, hakufika kaburini, hakuona lilipo wala lililowekwa juu yake, kwa heshima tu, ndiyo, heshima ile ile ndiyo iliyomfumba macho akamshika mama mkwe wake kwa mikono miwili leo asubuhi, akambeba kifuani, akampaka simenti mgongoni. Vijana wa kamiyo walitoka Uvira, waliambiwa kule kilimani kuna mawe mazuri ya kijiji kilichohamwa, walichukua mafiga, walichukua misingi, wakaona na lile kwenye migomba, uso chini, hawakuona kaburi, waliona jiwe.

Na kosa hili la nani, la Padri? Padri Gerardi hana ubaya, anataka ukuta ili mbuzi wasiingie kutafuna shuka za masista, na ili waume wasiwaingilie waliojifungua saa yoyote na pombe zao, lakini angeweza kujenga wa matofali kama watu wengine, ni zile picha zake, zile picha za taa alizozionyesha kwenye shuka baada ya sala ya jioni, mji wa kwao Ubelgiji, na kuuzunguka mji ukuta waliojenga Warumi, siyo Roma yenyewe, aliwaeleza, mji mdogo tu wa mkoani, mbali na Roma kama Fizi ilivyo mbali na Léopoldville, lakini nao ulipewa ukuta wake, na milango, na minara ya duara, na watu wote chumbani wakasema eee, na Placide akasimama mbele ya taa ili aone karibu mpaka kivuli cha kichwa chake kikaufunika mji, wakampigia kelele akae, naye akauliza unene wake, akauliza ndani walijaza nini, akauliza walichanganya chokaa na nini, usiku ule hakumuacha Émilienne alale, ukuta ule iko na miaka zaidi ya elfu, Mama Georgette, na haujaanguka, mawe ya kila namna yameshikana, na mi nitajenga vile. Lakini yeye Émilienne hakuuona ukuta, aliona picha moja tu, ile ambayo Padri aliipitisha haraka kisha akairudisha kwa sababu watu waliomba, jiwe lenye sura ya mwanamke, pua imevunjika, nywele zimesukwa vizuri juu ya paji, amelazwa ubavu katikati ya mawe mengine kama aliyepitiwa na usingizi kwenye mtumbwi uliojaa, na Padri akaeleza kwamba mji ule ulipata kuwa na ukuta wa kwanza, mrefu, wa kujionyesha, uliojengwa watu wakiwa hawana hofu, kisha maadui wakavuka mto, wakachoma, na waliosalia wakajenga wa pili kwa haraka, mdogo, wakichukua chochote kilicho karibu, nguzo, nyumba za miungu yao, na mawe ya makaburi yaliyopanga mstari nje ya lango, makaburi ya baba zao na mama zao, na chini ya sura ya mwanamke kulikuwa na maandishi, mafundi walikuwa wameyakata ili jiwe lienee, yamebaki maneno mawili, Padri akasoma, kwa mama. Basi. Kwa mama. Eugène mkatekista akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza mama wa nani, na Padri akasema hakuna ajuaye, Eugène akauliza kwani hawakuwaomba ruhusa wafu wao, hata pombe kidogo, hata neno, na Padri akacheka, akasema walikuwa na haraka, Eugène, walikuwa na hofu, na siku hizi watu wa mji wakienda sokoni humgusa mwanamke yule shavuni kwa mazoea tu, shavu limeng'aa.

Émilienne alirudi nyumbani amekasirika na hakujua amemkasirikia nani. Alikuwa amejiuliza njia nzima, watoto wake walikuwa wapi? Mwanamke amesukwa nywele vile, amechongewa jiwe vile, hawezi kuwa alikosa binti, au mjukuu, au hata kitukuu mwenye kumbukumbu, alikuwa wapi fundi alipompanga ukutani, alikuwa amelala? “…na ile maji inatosha, mama,” Placide akasema, “mikono imeshatakata,” na yeye akajibu bado, kuna simenti kwenye kucha, geuza, na akageuza, mtu mtiifu, na uzi wa maji ukazidi kuwa mwembamba, birika limekuwa jepesi, na hapo, hapo kwa mara ya kwanza, akajua binti yule alikuwa wapi. Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama hivi hivi chini ya ukuta, na chakula cha mume wake kikapuni, na maji mkononi, na mume wake alikuwa fundi, na ukuta ulikuwa mbichi, na kulikuwa na maadui ng'ambo ya mto na watoto wa kulisha na bwana mkubwa anayengoja kuona kazi imekwisha, na aliliona jiwe, aliliona vizuri, na alipima kama yeye anavyopima sasa, akijiambia mawe yanafanana, akijiambia nitamwambia kesho, akamimina maji mpaka yakaisha, kisha akampa mumewe chakula. Ndivyo ilivyokuwa. Si lazima maandishi yafutwe kwa nyundo, yule alinyamaza siku moja, na miaka elfu na zaidi baadaye anakuja mzungu na taa anasema hakuna ajuaye. Na wanaopita watamgusa mama shavuni kwa mazoea. Watampitishia kidole kwenye ule mto mwekundu wasijue kwamba ni mto na unakwenda wapi.

“Umeona ile jiwe iko nyuma yangu?” Placide akauliza, na Émilienne akamtazama haraka, lakini uso wa mume ulikuwa na furaha tupu, ya mtoto, hakugeuka hata kulitazama, alilijua liko wapi kama mtu anavyojua kitanda chake gizani. “Mi niliichagua mwenyewe. Bale bengine bote ni mawe tu, lakini ile niliiona muzuri, nikasema ikae karibu na mulango, tundu lake inje, mvua ikinyesha bandege bakuje kunywa.” Ndege! Mama ambaye maisha yake yote alipigana na ndege kwenye shamba la ulezi, aliyewatupia mawe na matusi kwa mkono wake wa kushoto uliokuwa hauendi pembeni, ndiye sasa atawanywesha mlangoni kwa masista, na kicheko kikampanda Émilienne kifuani, kikakutana njiani na kilio, vikakwama vyote viwili, na akaona kwamba hakumkasirikia huyu mtu, hawezi, kati ya mawe yote ya kamiyo nzima, bila kujua, mkono wake ulimchagua huyu, akampa mahali pazuri kuliko wote, penye mlango, penye wanawake watakaopita na matumbo yao wakienda kujifungulia ndani, pale ambapo yeye mama hakupata kufika, na pengine… pengine jiwe libaki, pengine litoke, hilo ni neno la wajomba, la Eugène, la mbuzi, ndiyo, kwanza mbuzi, lile deni la macho bado liko palepale, hayo yote yatasemwa, na Padri atakasirika, na Fizi na hewa yake baridi itakwenda au haitakwenda, aliogopa, hakujidanganya, lakini mtoto alimpiga teke lingine, na lilikuwa teke zima la mtoto mzima, na hofu ile ya mwanzo, ya tumbo kulipa, ikawa ndogo kuliko hofu nyingine iliyoinuka nyuma yake, ya kuwa siku moja mtoto huyu atapita mlangoni hapa, atamuuliza jiwe hili lilikuwa la nani, naye mama yake amwambie sijui.

Matone ya mwisho yalikuwa yakitoka moja moja. Placide alikuwa bado amechutama, mikono mbele, anangoja, kikapu miguuni pake hakijafunguliwa, jua palepale, na ng'ambo ya paa la maternité ziwa halijabadilika hata rangi. “Baba Georgette,” akasema, na sauti ilitoka ya chini, ya kawaida, ya mtu anayesema chumvi imekwisha. “Usikulie hapa.”

“Juu ya nini nisikulie hapa?”

“Mukwe wako iko nyuma yako. Ile jiwe ni ya mama. Ni kaburi yake.”

 Placide hakuuliza mkwe gani, maana hakuwahi kuwa naye mwingine, na hakugeuka kutazama, hata shingo haikucheza, ila mabega yake yalishuka taratibu na kichwa kikainama mpaka kidevu kikagusa kifua, kama siku ile ya mtaroni, mikono imebaki mbele hewani, inachuruza maji.  Kisha akakohoa, kikohozi kimoja kikavu, na akangoja.